Kudarizi kwa Mkono kama Kazi ya Kuishi na ya Kufundisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na vijana wanaotaka kujifunza, na mafundi wenye ujuzi ambao bado hawajaugeuza kuwa kipato, na pia na wazazi wanaotaka kujua kama mtoto wao anapoteza wakati. Mifano mingi inatokana na kofia za viua (vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi) za mwambao, yaani baraghashia zinazodariziwa Lamu, Mombasa, Unguja, Pemba na Visiwa vya Komoro, kwa kuwa hiyo ndiyo sanaa ya sindano iliyokita mizizi zaidi kwetu. Yale yanayohusu bei, mafunzo na ualimu yanamfaa pia fundi wa mashuka, foronya na shingo za kanzu.

## Mambo ya msingi

Kudarizi ni nini hasa, na kunatofautianaje na kushona au kufuma?

Kushona ni kuunganisha vipande vya kitambaa viwe vazi. Kufuma ni kutengeneza kitambaa chenyewe kwa uzi, kama wanavyofanya akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi. Kudarizi ni kutia nakshi kwa sindano na uzi juu ya kitambaa ambacho tayari kipo. Fundi mmoja anaweza kuzijua kazi zote tatu, lakini soko huzilipa tofauti, na anayetafuta mafunzo aulize wazi ni ipi inayofundishwa. Madarasa mengi yanayoitwa ya udarizi hufundisha cherehani kwa miezi kadhaa na sindano ya mkono kwa siku chache tu.

Je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii peke yake?

Wapo wanaoishi kwa kazi hii, lakini ni wachache wanaoishi kwa kudarizi tu bila kuongeza jambo jingine. Walio wengi huchanganya: oda za kofia na kanzu, darasa dogo la nyumbani, ukarabati wa kazi za zamani, na pengine uchoraji wa nakshi kwa ajili ya mafundi wengine. Sababu yake ni hesabu ya wakati. Kofia nzuri ya mkono huchukua wiki kadhaa hadi miezi, na mikono ya mtu mmoja haiwezi kutoa kofia nyingi kwa mwaka. Kufundisha hakuna mpaka huo, kwa kuwa saa mbili za mwalimu zinaweza kulipiwa na wanafunzi sita kwa pamoja. Kwa maoni yangu, anayeingia katika kazi hii leo ajiandae tangu mwanzo kuwa fundi na mwalimu, asiusubiri uzee ndipo afundishe.

Kofia ya viua hutengenezwaje?

Kofia ina sehemu mbili kuu: kipande cha juu cha duara, na ukanda unaokizunguka kichwa. Kila sehemu hukatwa kwa tabaka za kitambaa cheupe cha pamba, kisha nakshi huchorwa juu yake kwa penseli nyepesi. Uchoraji ni kazi inayojitegemea, na katika miji mingi ya mwambao wapo watu wanaochora tu na kuwauzia wengine vipande vilivyo tayari kudariziwa. Mchoraji hupima mzunguko wa ukanda ili maua yagawanyike sawasawa na ua la mwisho likutane na la kwanza bila kubanwa. Ukiona kofia yenye nusu ua karibu na mshono, ujue mchoraji hakupiga hesabu.

Kiua chenyewe ni kitundu kidogo kilichozungushiwa uzi. Fundi hutoboa kwa sindano nene akizisukuma nyuzi za kitambaa kando bila kuzikata, kwa sababu nyuzi zikikatwa kitundu kitachanika kofia ikifuliwa. Kisha huchukua sindano nyembamba na kupitisha uzi kutoka ndani ya kitundu kwenda nje, akizunguka pole pole, kila mpito ukilala ubavuni mwa mwenzake bila kupandana na bila kuacha pengo. Akivuta sana, kiua huwa cha yai badala ya duara. Akilegeza, kitundu hujifunga baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Uzi usizidi urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, maana ukiwa mrefu zaidi hupita kwenye kitambaa mara nyingi, ukachakaa na kutoa manyoya. Fundo halifungwi: mwanzo na mwisho wa uzi huzikwa chini ya mipito yenyewe.

Kofia moja inaweza kuwa na mamia ya viua. Vikimalizika, vipande huunganishwa, bitana hutiwa, kofia hufuliwa ili penseli itoke, hutiwa wanga, na hukaushwa ikiwa imevishwa kwenye umbo ili isimame.

Je, hii ni kazi ya wanawake au ya wanaume?

Ni ya wote. Wanawake wamedarizi kofia majumbani kwa vizazi vingi, wengine kwa ajili ya waume na wachumba wao, na wanaume wamekaa barazani na madukani wakifanya kazi hiyo hiyo. Anayesema kwamba sindano si kazi ya mvulana hajatembea Lamu.

## Kujifunza

Sijawahi kushika sindano. Nianzie wapi?

Anza na mishono ya kawaida kwenye kipande cha kitambaa cha pamba kilichobanwa kwenye fremu: kupiga bandi kwa mstari ulionyooka, kisha mshono wa nyororo, mshono wa shina, na mshono wa tundu la kifungo. Huo wa mwisho ndio wenye undugu na kiua, na anayeuweza vizuri amekwisha kuvuka nusu ya safari. Vifaa ni vichache: sindano za unene tofauti, uzi wa kudarizi, fremu, mkasi mdogo wenye ncha kali, kastabini ya kukinga kidole, na taa nzuri. Usinunue boksi kubwa la nyuzi za rangi mwanzoni. Uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe huonyesha kila kasoro ya mkono, na ndiyo sababu mafundi wa zamani waliwaanzishia wanafunzi hapo.

Nitahitaji muda gani hadi nipokee kazi ya malipo?

Inategemea mkono na bidii, lakini mtu anayekaa na sindano kila siku huweza kupokea kazi ndogo, kama vile viua vya ukanda au mshono wa shingo, ndani ya mwaka mmoja. Kofia kamili ya kuuza kwa bei ya juu huhitaji zaidi ya hapo. Kipimo ninachokiamini ni ulingano. Pima viua ishirini ulivyovifanya siku moja: vikiwa vyote vya ukubwa mmoja, uko tayari, na ikiwa cha kwanza na cha ishirini ni kama vimefanywa na watu wawili, endelea kwanza na mazoezi.

Niende chuoni au nikae kwa fundi?

Kwa nakshi za mwambao, fundi. Hakuna chuo kitakachomfundisha mtu kiua kama atakavyofundishwa na mtu aliyekaa nacho miaka thelathini. Uanagenzi wa aina hii una desturi zake: mwanagenzi huanza na kazi za pembeni, hukosolewa bila kubembelezwa, na akihitimu humpa fundi wake kilemba, yaani zawadi ya shukrani. Patana na fundi mapema, ikiwezekana kwa maandishi, juu ya muda wa mafunzo, na juu ya nani anachukua malipo ya kazi unazozifanya ukiwa bado unajifunza. Ugomvi mwingi kati ya fundi na mwanagenzi huzuka hapo.

Chuo kina faida yake katika yale ambayo fundi wengi hawayafundishi: upimaji, ukataji, hesabu za biashara, na cheti. Tanzania Bara kuna vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanza kuanzishwa mwaka 1975, Zanzibar kuna vituo vilivyo chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na Kenya kuna vyuo vya ufundi vya kaunti na vya taifa. Anayeweza kupata vyote viwili, asubuhi chuoni na jioni kwa fundi, asisite.

Nimedarizi miaka mingi lakini sina cheti. Nifanye nini?

Tanzania, VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kazi za mikono na kupewa cheti bila kurudi darasani kwa miaka. Kenya, NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, huendesha mitihani ya ufundi ya daraja la III hadi la I. Uliza kituo kilicho karibu nawe kama fani ya ushonaji na mavazi imo katika ratiba ya wakati huo, kwa kuwa udarizi mara nyingi hupimwa ndani ya fani hiyo. Cheti hakiongezi ubora wa kiua, lakini hufungua milango ya zabuni, mikopo na kazi za ualimu (tazama sehemu ya kufundisha).

Je, kuna faida ya kusoma nje?

Ipo kwa mtu anayetaka kufundisha kwa kiwango cha kimataifa au kukarabati kazi za makumbusho. Royal School of Needlework ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1872 na yenye makao yake katika kasri la Hampton Court, hutoa cheti, diploma na shahada ya kudarizi kwa mkono, na ina programu maalumu ya kuwaandaa walimu. Shule ya Lesage mjini Paris, iliyofunguliwa mwaka 1992, hufundisha udarizi wa mavazi ya kifahari. Ada za huko ni kubwa. Jambo la kuiga hata bila kwenda ni nidhamu yao ya kuandika kila mshono: jina lake, hatua zake, uzi wake, na makosa yanayotokea mara kwa mara. Mafundi wetu wamebeba elimu ya kiwango hicho hicho kichwani, nayo huzikwa pamoja nao.

## Bei na soko

Nipangeje bei ya kazi yangu?

Hesabu saa. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo ambalo mafundi hukosea zaidi, kwa sababu huhesabu kitambaa na uzi, wakaongeza kidogo, wakasahau kwamba kitu cha gharama kubwa kuliko vyote katika kofia ni mikono yao.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kofia imekuchukua saa 90, nawe umeamua kwamba saa yako moja isishuke chini ya shilingi 1,500 za Tanzania. Kazi pekee ni shilingi 135,000. Kitambaa na uzi ni 12,000, wanga, pasi na usafiri ni 5,000. Jumla ni 152,000 kabla ya kupata faida yoyote. Mchuuzi akija na 60,000 mkononi, ondoa 17,000 za gharama, zinabaki 43,000, nazo ukizigawanya kwa saa 90 utaona anakulipa chini ya shilingi 500 kwa saa. Pengine utakubali kwa sababu ya shida ya siku hiyo, lakini ujue unachokikubali.

Weka daftari dogo karibu na fremu na uandike saa ulizokaa kila siku. Baada ya kofia tatu utakuwa na takwimu zako mwenyewe, na mteja akiuliza kwa nini kofia ni ghali, utamfungulia ukurasa.

Kofia za mashine zimejaa sokoni kwa bei ndogo. Nitashindanaje nazo?

Usishindane nazo kwa bei, kwa maana hutashinda. Mteja anayetaka kofia ya bei nafuu ya kuvaa kila siku ana haki ya kuinunua. Mteja wako ni yule anayetaka kofia ya Idi, ya Maulidi, ya harusi, au ya kumpa mkwe, na huyo anahitaji kuonyeshwa tofauti. Mwonyeshe kipande kabla hakijatiwa bitana. Nyuma ya kazi ya mashine utaona uzi wa chini, ambao mara nyingi ni wa aina nyingine, ukipita kwa mpangilio usiobadilika, lakini nyuma ya kazi ya mkono utaona mahali nyuzi zilipozikwa, kiua kwa kiua. Mwambie pia aishike juu, aelekeze kwenye mwanga: viua vilivyotobolewa kwa kweli hupitisha mwanga na hewa.

Kinachonikera ni kofia za mashine kuuzwa kwa jina la kazi ya mkono. Fundi asifanye hivyo, na akichanganya, kwa mfano mistari ya cherehani pamoja na viua vya mkono, amwambie mnunuzi wazi.

Wateja wenye uwezo wako wapi?

Wa kwanza wako karibu: maharusi, maimamu, wazee wa mji, na watu wa mwambao waliohamia Nairobi na Dar es Salaam. Kundi la pili ni Oman, ambako kofia hiyo, huko ikiitwa kumma, huvaliwa kila siku, na ambako familia nyingi zina ukoo wa Zanzibar. Mnunuzi wa Oman huwa na jicho kali, hupenda rangi zilizotulia, na huuliza kipimo cha kichwa kwa sentimita, hivyo jizoeze kupima vizuri. Kundi la tatu ni watalii katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu, ambayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na 2001. Watalii wengi hawataki kofia ya miezi miwili, bali kitu kidogo kinachobebeka, kama kitambaa cha mezani au alamisho ya kitabu yenye viua vichache. Si aibu kuwatengenezea hivyo, navyo ni mazoezi mazuri kwa wanagenzi.

Mtaji nitaupata wapi?

Mtaji wa kuanza ni mdogo. Kinacholemea ni kuishi wakati kofia haijaisha, na kwa hilo dawa ni malipo ya awali, angalau ya vifaa na sehemu ya kazi. Kwa vikundi, halmashauri za Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na Kenya kuna Hazina ya Uwezo na Hazina ya Wanawake.

## Kufundisha

Fundi hodari anajuaje kwamba anaweza kuwa mwalimu?

Ufundi na ualimu ni vipaji viwili. Fundi aliyebobea hufanya mambo ishirini kwa mkupuo bila kujua kwamba anayafanya, na akiulizwa "umefanyaje hapo?" hujibu "tazama tu". Kabla ya kufungua darasa, jaribu hivi: mkalishe mtu asiyejua chochote, weka mikono yako nyuma, umwongoze kwa maneno tu hadi amalize kiua kimoja. Utagundua mara moja hatua ambazo hukuwahi kuzitaja. Ziandike, nazo zitakuwa somo lako la kwanza.

Darasa liwe na wanafunzi wangapi, na lifundishweje?

Wanaoanza wasizidi sita kwa mwalimu mmoja. Kudarizi hakusomeshwi kutoka mbele ya ubao; mwalimu huzunguka, huinama juu ya bega la mwanafunzi na kuangalia pembe ya sindano. Kaa upande wake, si mbele yake, kwa sababu akikutazama kwa mbele ataona kila kitu kimegeuka. Mwanafunzi wa mkono wa kushoto ndiye pekee unayepaswa kukaa mbele yake, ikiwa wewe ni wa kulia, naye akufuate kama anajitazama kwenye kioo. Usimlazimishe kubadili mkono.

Kila mwanafunzi awe na kitambaa cha mazoezi ambacho hakitupwi wala hakifumuliwi, chenye tarehe pembeni. Akikata tamaa baada ya miezi mitatu, mfunulie safu ya kwanza.

Nitoze ada namna gani?

Njia tatu hutumika: ada ya mwezi, ada ya kozi nzima, au mwanagenzi kulipa kwa kazi yake. Ya tatu ni ya zamani na ina heshima yake, lakini ni rahisi kugeuka unyonyaji, hasa kwa watoto. Mwanagenzi akianza kutoa viua vinavyouzwa, apewe sehemu yake, hata kama ni ndogo. Kwa watu wazima wanaojifunza kwa kupenda tu, ada ya kozi inayolipwa mwanzoni hupunguza utoro.

Je, ninahitaji cheti ili nifundishe?

Nyumbani au katika kikundi, hapana. Katika chuo kinachotambuliwa na serikali, ndiyo: utahitaji cheti cha fani na mafunzo ya ualimu wa ufundi, yanayotolewa katika Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi cha Morogoro kwa Tanzania, na katika KTTC, chuo cha walimu wa ufundi jijini Nairobi, kwa Kenya. Asiye na cheti cha fani aanze na utaratibu ulioelezwa katika sehemu ya kujifunza.

Nikiwafundisha wengine, si nitajinyang'anya soko?

Hofu hii ni ya kweli na sitaki kuibeza, lakini uzoefu wa miji yenye mafundi wengi unaonyesha kinyume. Wanunuzi wakubwa huenda mahali wanapojua watapata kofia kumi kwa mwezi, si moja. Fundi aliyezungukwa na wanafunzi wake anaweza kupokea oda ambayo angeikataa akiwa peke yake, akachora yeye, wakadarizi wao, akakagua na kumalizia.

## Hali za pekee

Macho yangu yameanza kuchoka. Niache?

Hapana, pima macho kwanza. Kuanzia takriban umri wa miaka 40 karibu kila mtu hupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu, na miwani ya kusomea hurudisha kazi kwa miaka mingi. Fanya kazi kwenye mwanga wa mchana utokao upande ulio kinyume na mkono wa sindano, na inua macho kutazama mbali kila baada ya dakika ishirini hivi. Kichwa kikiuma kila siku au ukiona ukungu, nenda hospitali. Fundi ambaye macho hayamruhusu tena viua vidogo bado anaweza kuchora, kukagua na kufundisha.

Mteja ameleta picha ya kofia ya fundi mwingine na anataka ileile. Nifanye?

Nakshi za jadi, ambazo kila mji unazo na hakuna anayejua nani alizianzisha, ni mali ya jamii, nawe unaweza kuzidarizi. Nakshi iliyobuniwa na fundi anayejulikana ni kazi yake, na sheria za hakimiliki zinaweza kuilinda. Mamlaka za kuulizia ni COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya. Kenya ina pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii. Katika mji mdogo, njia nzuri ni kumpeleka mteja kwa fundi mwenyewe, au kumwomba ruhusa. Nakshi zako mpya zipige picha, uandike tarehe na uzihifadhi.

Mteja anataka aya ya Kurani kwenye kofia. Nikubali?

Mshauri asifanye hivyo. Kofia huvuliwa popote, huanguka, huingia msalani na kichwa kilichoivaa, na hufuliwa pamoja na nguo nyingine. Mpendekezee nakshi, au jina lake ndani ya bitana. Akitaka aya kwa ajili ya kutundika ukutani, hiyo ni kazi nyingine, na maandishi yakaguliwe na mtu anayejua kusoma kabla hujatia sindano.

Nimeletewa kofia ya zamani ya marehemu ili niikarabati. Nianzeje?

Anza kwa kuipiga picha pande zote, pamoja na kasoro, mbele ya mwenye kofia. Usiitie dawa ya kufanya nguo iwe nyeupe, kwa sababu huila pamba iliyozeeka, na usiifue kwa kusugua. Iloweke kwenye maji baridi safi na sabuni laini kidogo, kisha ikaushe kivulini ikiwa imejazwa kitambaa safi ndani. Jaribu kwanza rangi ya uzi kwenye kona iliyofichika kwa pamba yenye maji, maana nyuzi za hariri za zamani hutoa rangi.

Viua vilivyochanika huwekewa kiraka chembamba kwa ndani kabla ya kuzungushiwa uzi upya, na uzi uchaguliwe unaolingana na weupe uliofifia, si mweupe wa dukani. Usifumue viua vizima ili vilingane na vyako. Malipo yahesabiwe kwa saa kama ilivyoelezwa katika swali la bei, lakini mwambie mteja kabla ya kuanza kwamba hesabu inaweza kuongezeka bitana ikifunguliwa, na mpatane kiwango ambacho hutakivuka bila kumuuliza.